Sema Unachokiona

"Sema unachokiona," Baba Mdogo aliniambia, nami nikasema barabara.

"Barabara siyo jibu, mura. Barabara ipo tu. Sema kilicho juu yake."

Ilikuwa Agosti 2022, jioni, vumbi limetanda hewani halishuki wala halipandi. Nilikuwa nimeshika usukani wa Probox yake kwa mara ya tatu. Klachi ilinitetemesha goti, na yeye alikaa kushoto kwangu, mkono mmoja juu ya hendibreki, kama mtu aliyeshika kamba ya ndama. Mura ni neno ambalo Wakurya humwita kijana wa kiume. Alianza kuniita hivyo siku aliyonipa ufunguo, mbele ya shangazi zangu, na hakuna aliyemsahihisha.

Kewanja ni kijiji cha kata ya Kemambo, wilayani Tarime, ingawa watu wa mbali hulijumlisha eneo letu lote kwa jina la Nyamongo. Kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna mashamba, kuna ng'ombe, na Mto Mara ukiuvuka umeingia Serengeti. Vyote hivyo hukutana barabarani: Fuso la mchanga, pikapu zenye namba za mgodi, bodaboda aliyebeba watu wawili na debe la mafuta, mama mwenye kuni, na watoto wa shule saa nane mchana.

Nikaanza kusema. Ng'ombe kushoto. Mvulana mwenye fimbo. Bodaboda anatoka kwenye uchochoro. Fuso mbele, vumbi.

"Vumbi siyo kitu cha kuona," akasema. "Ni kitu kinachoficha. Nyuma yake kuna nini?"

"Sijui."

"Basi sema sijui, halafu ondoa mguu kwenye mafuta."

Hilo ndilo somo la kwanza nililolishika vizuri. Mengine yalikuja kidogokidogo. Ukiona ng'ombe mmoja amevuka, hesabu waliobaki, kwa sababu yule wa mwisho huwa anakimbia. Ukiona mpira, mtoto yuko nyuma yake. Basi likisimama, usiangalie madirisha. Angalia chini, katikati ya matairi, utaona miguu ya mtu anayekuja upande wako kabla hujamwona mwenyewe. Gari likisimama kwenye njia ya kando usimwamini dereva anayekutazama, wala usingoje indiketa. Tazama tairi lake la mbele. Tairi likianza kuzunguka, ameshaamua.

Hayo hakuyapata shuleni. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori makubwa ya kubebea mawe ndani ya mgodi, yale ambayo tairi lake moja linamzidi mtu urefu. Alinieleza kwamba ukikaa juu kule, upande wa pili wa lori kuna eneo ambalo pikapu nzima inaweza kupotea. Ipo pale, lakini humezwa na ubavu wa chuma. Ndiyo maana magari madogo ya mgodini huvaa mlingoti mrefu wenye bendera na taa juu, ili kinachoonekana kiwe bendera hata kama gari halionekani. Na dereva haondoki kimyakimya. Honi moja: nawasha. Mbili: naenda mbele. Tatu: narudi nyuma. Alipostaafu mkataba ulipoisha na kununua Probox ya kubeba abiria kwenda Tarime mjini, tabia hiyo ilimfuata. Kila alfajiri uani kwetu zililia honi mbili, na majirani walimtania kwamba mbuzi wote wa Kewanja wanajua sheria za mgodini.

Nilipanda Dar es Salaam nikiwa najiona dereva. Nikachukua lena na kujiandikisha shule ya udereva, maana sheria inataka cheti. Mwalimu alitutundikia ubao wa alama, akatusogezea vigari vya mbao kwenye ramani ya makutano, nasi tukakariri. Niliujua mzunguko wa kipilefti kwa ndoto. Siku ya mtihani niliulizwa maana ya pembetatu nyekundu, nikarudi nyuma kwenye uchochoro wa vijiti bila kugusa kimoja, nikapewa leseni. Hakuna aliyeniuliza nyuma ya vumbi kuna nini.

Baadaye, nikikwepa kuandika pendekezo langu la utafiti (ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, na ninajua kukwepa), nilisoma kwamba Uingereza wana sehemu nzima ya mtihani kwa jambo hilo. Mwanafunzi huoneshwa video fupi za barabara, na anatakiwa kubofya pale tu hatari inapoanza kuchipua, kabla haijawa hatari kamili. Walianza mwaka 2002. Nilicheka, maana mwaka huohuo mgodi wetu ndio ulianza uzalishaji, na kwa hesabu zangu Baba Mdogo angeweza kuwafundisha. Wana pia jina la aina ya ajali ambayo dereva aliangalia lakini hakuona: macho yalipita juu ya pikipiki, ubongo haukuipokea. Wanaofundisha madereva wa polisi huko huwafanya waseme kwa sauti kila wanachokiona, kwa sababu kitu ukikitaja huwezi kukipita hivihivi.

Nilimpigia simu kumwambia. Akasema, "Kwa hiyo Wazungu nao wanaongea peke yao garini."

Agosti 2024 nilirudi nyumbani kukusanya data. Siku ya pili niliona kioo cha pembeni cha kushoto kimefungwa kwa mpira. "Bodaboda," alisema. Ndani, aligonga kigoda kilichokuwa kushoto kwa mlango, kigoda ambacho kimekaa hapo tangu nazaliwa, akamfokea mtoto aliyekiweka. Mama Mdogo alinitazama, kisha akatazama sufuria.

Siku ya nne nilipanda naye kwenda Tarime. Nilikaa kiti cha mbele, nyuma walikaa wanne, na buti lilijaa ndizi. Alikuwa anaendesha kama kilomita 60 kwa saa, siyo mbio kwa barabara ile. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa sekunde moja. Nilipiga hesabu hiyo baadaye, usiku, mara nyingi. Kushoto, kwenye kijinjia kinachoshuka kutoka mashambani, binti wa miaka saba hivi alikuwa anakimbiza mbuzi. Mbuzi wa kwanza akaingia barabarani. Nikangoja mguu wa Baba Mdogo uondoke kwenye mafuta. Haukuondoka.

"Kushoto!" nikapiga kelele.

Alikanyaga breki kwa nguvu, ndizi zikatugonga migongoni, gari likalala upande kidogo kisha likasimama. Binti alipita mbele ya boneti akiwa ameshika mkia wa mbuzi wake wa mwisho. Wala hakututazama.

"Nilimwona," Baba Mdogo akasema.

Abiria mmoja akamshukuru Mungu, mwingine akawalaumu wazazi wa siku hizi. Mimi nilinyamaza hadi Tarime. Mtu aliyenifundisha kwamba mbuzi mmoja ni tangazo la mbuzi kumi hakuwa ametaja hata mmoja.

Ndipo nilipozirudia jioni zile za 2022, moja baada ya nyingine. "Kushoto kuna nini?" lilikuwa swali lake la mara kwa mara. Nilidhani ni ufundishaji. Sisi huendesha kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko waliko waenda kwa miguu, ndiko waliko watoto. Ni kweli. Lakini siku moja nilimjibu "hakuna kitu", akageuza shingo nzima, kidevu hadi begani, kuhakikisha. Nilifikiri ni umakini wa mgodini. Sijui mpaka leo ni maswali mangapi yalikuwa ya mwalimu na mangapi yalikuwa ya mtu anayeomba jicho la kuazima. Nadhani naye hajui.

Jioni ile nilimwomba akae mbele yangu uani, aitazame pua yangu, na aseme "sasa" akiona kidole changu kinacheza pembeni. Upande wa kulia alisema mapema. Upande wa kushoto kidole kilitembea, kikatembea, kilipokaribia kufika shavuni kwangu ndipo akasema "sasa". Akacheka. Kisha akaona sicheki.

"Macho yangu hayaumi," akasema.

Hilo ndilo baya lake. Presha ya macho haiumi kwa wengi. Inakula kingo kwanza, polepole, na katikati unabaki unaona vizuri, unasoma ujumbe wa simu, unamtambua mtu ng'ambo ya uwanja, leseni yako bado hai. Nilimwambia tuende hospitali. Akasema baada ya mavuno. Nilimwambia basi asibebe watu. Akaniuliza ada ya mdogo wangu italipwa na nani, data zangu?

Sikuwa na jibu. Alfajiri honi mbili zikalia, akaondoka na abiria.

Kwa siku tisa aliendelea kuondoka. Ninazitaja kwa sababu ningeweza kuzificha. Nilihoji watu wangu, nikarekodi sauti, nikanywa chai, na kila simu ilipoita mchana nilisimama kabla ya kuipokea. Siku ya kumi nilimwambia Mama Mdogo, naye akamwambia kaka yao mkubwa, na jioni wazee watatu walikaa uani kwetu. Ufunguo ukawekwa mezani. Baba Mdogo hakubishana. Aliponipita mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Nilikufundisha kusema. Sikukufundisha kunisema."

Hakuzungumza nami tena mpaka safari ya Bugando.

Nilimwendesha mwenyewe, na Probox ileile. Tulivuka daraja la Kirumi amefumba macho, sijui ni usingizi au ni mimi. Tukala Bunda kimya, wali na samaki, akalipa yeye. Baada ya Bunda barabara hupita kando ya hifadhi ya Serengeti, na karibu na lango la Ndabaka kuna mahali ambapo mbuga inafika karibu kabisa na lami. Nilipunguza mwendo. Nyuma yangu basi la Mwanza likapiga honi, nikaliacha lipite.

"Umepunguza," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na koo kavu. Akageuza shingo yake nzima kushoto, kidevu begani, kama zamani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Sema unachokiona," akasema.

"Nyani watatu, kushoto, wamekaa. Mmoja ana mtoto mgongoni. Nyasi ndefu, sioni nyuma yake. Mwenye baiskeli mbele, amebeba magunia mawili, anayumba. Lori linakuja, limewasha taa. Nyani mmoja amesimama."

"Wengine?"

"Bado wamekaa."

"Hesabu tena," akasema, nikahesabu.