Kabla ya kumpeleka bibi mbugani, hesabu ngazi

Ngazi zilikuwa 41. Nazijua idadi yake kwa sababu bibi alizihesabu kwa sauti, mkono mmoja ukiwa begani kwangu na mwingine umeshika kamba iliyofungwa pembeni. Alipofika ya 20 alisimama, akatazama juu kulikokuwa na hema letu, akaniuliza, "Mke mwenzangu, huyo simba mwenyewe anakaa huku juu?"

Tulicheka wote. Bibi yangu mzaa mama huniita mke mwenza tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa babu ananiita mke wake. Mwaka 2023 wazee hao walitimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto na wajukuu tukachanga kupitia kundi la WhatsApp la familia ili wakaone wanyama, kitu ambacho hawakuwahi kukifanya maisha yao yote. Bibi alikuwa na miaka 74, ana presha na magoti yanayomsumbua. Babu alikuwa na 79, mstaafu wa reli, ana kisukari na anajichoma sindano ya insulini. Kazi ya kutafuta mahali pa kulala nilipewa mimi. Wajomba walisema huyu anaandika habari za afya, anajua mambo ya wazee.

Nilidhani najua. Nilichagua kambi moja ya kaskazini kwa kutazama picha: mahema juu ya majukwaa ya mbao, kilima, jua linazama, meza ina kitambaa cheupe. Nilipiga simu nikauliza kama panafaa kwa wazee. "Panafaa sana, karibuni," akajibu dada wa mapokezi, na sina hakika kwamba alinidanganya. Yeye alipanda ngazi zile mara kumi kwa siku.

Siku ya kwanza bibi hakulalamika. Alikula kidogo, akakataa chai, akasema ameshiba. Usiku hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwenye hema bila askari, na hilo ni sawa kabisa, maana tembo na nyati hupita hapo hapo. Choo kilikuwa ndani, lakini kilitengwa kwa pazia, kikiwa chini zaidi ya kitanda kwa ngazi mbili, na umeme wa jua ulizimwa saa 4:00 usiku. Siku ya pili tukatoka alfajiri kwenda kuzunguka hifadhini. Saa sita nzima ndani ya gari. Bibi hakugusa chupa yake ya maji. Nilimwona, nikadhani hana kiu.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa tumesimama kuwatazama tembo, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anaona giza. Midomo ilikuwa imekauka na kichwa kinamuuma. Kipimo cha presha nilikuwa nacho kwenye mkoba. Kilisoma 186 kwa 104. Dereva hakusubiri kuambiwa, aligeuza gari.

Kwenye zahanati ya barabarani tulipokewa na mganga mmoja kijana. Alipima tena, akamlaza, kisha akamuuliza swali ambalo mimi, na mkoba wangu wenye kipimo, sikuwahi kuliuliza kwa siku tatu. "Bibi, mara ya mwisho umemeza dawa lini?"

Bibi alimtazama babu, si mimi. Akafungua pindo la khanga. Ndani yake kulikuwa na vidonge sita, viwili vya kila siku, vimefungwa vizuri kama hela ya sokoni.

"Kimojawapo kinanipeleka msalani," alisema. "Sikijui ni kipi, nikaviacha vyote. Ningewasimamishia gari mara ngapi kwenye hao simba wenu?"

Alipata nafuu jioni hiyo, na kesho yake tukarudi Dar es Salaam. Njia nzima nilikuwa nawaza makala niliyowahi kuandika kuhusu wagonjwa wa presha wanaoacha dawa. Nilikuwa nimetaja bei, umbali wa kliniki, na imani kwamba ukijisikia vizuri umepona. Aibu ya kuomba choo sikuitaja hata kwa neno moja. Dawa kadhaa za presha hufanya kazi kwa kuutoa mwilini maji na chumvi kupitia mkojo. Mzee akishaona kwamba choo kiko mbali, kiko gizani, au kinahitaji msaada wa mjukuu, hufanya hesabu yake kimyakimya. Hupunguza maji, kisha chai, kisha dawa. Nyie mnapiga picha.

Kwa hiyo tulipoamua kujaribu tena mwaka uliofuata, sikuuliza kama mahali panafaa kwa wazee. Nilimwomba kila mhudumu wa loji ashike simu yake, asimame pale gari linapoegeshwa, atembee akipiga video hadi kitandani, kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka chumbani hadi mezani, kisha anitumie. Wawili hawakujibu. Mmoja alituma picha za bwawa la kuogelea. Wa nne alituma video ya dakika mbili na nusu, anahema kidogo, na ndani yake nikaona kila kitu: njia ya saruji isiyo na ngazi, mlango mpana, choo cha kukaa, na hatua sita tu toka kitandani hadi chooni. Niliirudia mara tatu. Nikampigia kuuliza kama choo kina kitu cha kushikilia wakati wa kuinuka. Hakikuwa nacho. Aliuliza kwa nini, nikamwambia kuhusu magoti, na tulipofika tulikuta fundi amefunga bomba la chuma ukutani. Halikupakwa rangi, lakini lilikuwa imara.

Mambo mengine huwezi kuyaona kwenye video, lazima uyaulize. Kitanda kina kimo gani, maana loji nyingi hupenda vitanda virefu na mzee akikaa miguu inaning'inia. Taa inawaka usiku kucha au inazimwa? Bafu ni la kusimama sakafuni au ni lile sinia la kuvuka ukingo? Hilo la pili kwangu ni sababu tosha ya kutafuta kwingine, kwa sababu mzee akiteleza na kuvunjika nyonga safari inaishia hapo, na pengine kutembea kwenyewe. Uliza pia hospitali ya karibu ni ipi na mnafika kwa muda gani. Mhudumu anayejibu haraka ameshawahi kumpeleka mtu.

Kwa babu swali kubwa lilikuwa friji. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, ingawa ni vyema kusoma karatasi yake, kwani aina hutofautiana. Gari lililosimama juani huvuka joto hilo upesi sana. Na friji nayo ina hatari yake, kwani insulini iliyoganda kuwa barafu hutupwa hata kama imeyeyuka tena. Tuliibeba kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa, bila barafu ndani. Babu aliilalia njia nzima kama mtoto.

Kuna jambo jingine linalowapata wenye kisukari mbugani. Matembezi ya wanyama huanza saa 12:00 asubuhi, kabla jiko halijawaka. Mzee anachoma sindano kama alivyozoea, anapanda gari, na chakula kinakuja saa 4:00. Sukari inaweza kushuka akiwa katikati ya pori. Omba chai na mkate vitoke mapema, au mzee achome sindano mtakaporudi, lakini hilo la pili lazima liamuliwe na daktari wake. Sisi tulipitia kliniki wiki moja kabla. Daktari alimpangia babu saa za sindano, na bibi akaonyeshwa kidonge kipi ndicho cha mkojo na kuruhusiwa kukimeza tukirudi loji badala ya alfajiri. Akakifunga kwa uzi mwekundu kwenye pakiti yake.

Mtauliza tulikwenda wapi. Nilipenda Ngorongoro, kwa kuwa bonde lile lina wanyama wengi mahali padogo. Lakini loji za ukingoni ziko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, usiku ni wa baridi kali, na barabara ya kushuka bondeni ni ya mteremko mkali. Kwa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu ningemuuliza daktari kwanza. Serengeti ni nzuri, ila kwa barabara kutoka Arusha ni siku nzima ya vumbi na mitikisiko, na mgongo wa miaka 80 huukumbuka kila kilomita. Ziwa Manyara na Tarangire ziko karibu zaidi na Arusha na lami hufika jirani, nisingemkataza mtu. Ila sisi tunaishi Dar.

Tukachagua Mikumi. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 3,230 na ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaipasua katikati kwa takriban kilomita 50. Watanzania wengi tumeiona kwa kupitia dirisha la basi. Lango liko kando ya lami, na Mikumi mjini kuna hospitali ya St. Kizito. Kwa wengine hilo linaipunguzia Mikumi hadhi, eti si pori halisi kama unasikia malori. Kwangu lile lori lilisikika kama njia ya kumfikisha mtu hospitali.

Babu alikuwa na sababu yake. Enzi za kazi alipita Mikumi mara nyingi kwenye njia ya reli ya Kilosa hadi Kidatu, na hakuwahi kushuka kwa ajili ya mnyama hata mmoja. Safari hii tulipanda treni ya umeme, SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Chini ya saa mbili, na behewa lina choo. Bibi alikwenda kukikagua kabla treni haijaondoka, akarudi akiwa ameridhika. Babu hakuongea hadi Morogoro. Alikuwa anasikiliza mataruma. Kutoka hapo tulikodi gari, kama kilomita 100 hadi langoni, na nilimkumbusha dereva mapema aje na kigoda, kwani magari ya utalii yana hatua ndefu ya kwanza na hapo ndipo wazee wengi huumia nyonga. Langoni utadaiwa kitambulisho cha taifa ili ulipe kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Cha babu kilibaki nusura kwenye suruali nyingine.

Ilikuwa Septemba, kiangazi, nyasi fupi na wanyama wamesogelea maji. Loji yetu haikuwa na kitambaa cheupe mezani. Ilikuwa na vibanda vya saruji vilivyokaa chini kabisa, na mbele ya baraza, mbali kidogo, dimbwi la maji. Ndilo jambo ambalo ningemwambia kila anayepanga safari ya namna hii: tafuta loji yenye maji mbele yake, ili siku mzee akichoka wanyama wamfuate yeye. Asubuhi ya kwanza tulizunguka saa mbili na nusu uwanda wa Mkata, tukaona nyati, twiga, pundamilia na viboko. Mbung'o walituandama. Hupenda rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, na bibi alikuwa amejifunga khanga ya rangi hiyo hiyo. Nilimpa ya njano. Siku ya pili hakutaka gari. Alikaa barazani na babu kuanzia saa 3:00 hadi jua kuzama, wakitazama ngiri wakipiga magoti kula nyasi. Bibi alisema afadhali hao magoti yao yanakunjika.

Mtu anaweza kuona hizo ni hela zilizopotea, mchango wa familia nzima kisha mzee akae kwenye kiti. Mjomba mmoja aliandika hivyo kwenye kundi nilipotuma picha. Sikumjibu.

Usiku wa mwisho baada ya chakula, bibi aliomba chai, akanywa kikombe, akaomba cha pili. Nilipomtazama alinyoosha kikombe tena. "Niongezee, mke mwenzangu."

Asubuhi nilimkuta ameshaamka, anamsimulia mhudumu wa jikoni kwamba usiku alimwona tembo akinywa maji peke yake kwenye mbalamwezi, karibu kabisa. Nikamuuliza amemwonaje naye alikuwa amelala.

"Kwenye kidirisha cha chooni," akasema. "Nilikwenda mara tatu."