Pete ya Chini ya Springi

Pikipiki za miaka ya 1920 na 1930 zilimpa dereva kitu ambacho nyingi za leo hazina: kirungu cha kukaza kwa mkono, ubavuni mwa foku ya mbele. Kirungu kilibana sahani zilizosuguana, na msuguano huo ndio uliozuia springi isirukeruke. Mwaka 1935 BMW ikatoa R12, yenye foku za mabomba zinazotulizwa kwa oili. Yalikuwa maendeleo ya kweli, kwani sahani zile zilibadilika tabia kwa mvua na vumbi. Lakini kirungu kikaondoka nazo, na kwa miongo mingi dereva wa kawaida akaipokea foku jinsi ilivyotoka kiwandani. Alichobakiwa nacho kilikuwa nyuma: pete yenye ngazi chini ya springi ya shokapu.

Pete hiyo nadhani ndiyo iliyoeleweka vibaya kuliko kifaa kingine chochote cha pikipiki. Wengi huamini kwamba ukiipandisha, springi inakuwa ngumu zaidi. Haiwi, ni springi ileile. Kinachobadilika ni kimo cha pikipiki. Ukipakia abiria na gunia, nyuma huzama, taa humulika matawi badala ya barabara, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito, na shokapu hubakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea kabla ya kugonga mwisho. Kupandisha pete hurudisha kimo, basi. Waingereza wa Velocette walikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1950: ncha ya juu ya shokapu ilifungwa kwenye mwanya uliopinda, na ukiisogeza unabadilisha mwinamo wake, hivyo ugumu wenyewe ukabadilika kweli kulingana na mzigo. Kwangu hilo ni wazo safi mno, na inauma kwamba halikuenea.

Badala yake zikaja skrubu za kukaza au kulegeza utulizaji wa shokapu. Mashindano ya motokrosi ya miaka ya 1970 yalidai shokapu ndefu, na kampuni kama Öhlins ya Uswidi, iliyoanzishwa 1976, zikafanya kutenganisha mwendo wa kubonyea na ule wa kurudi kuwa ufundi kamili. Faida yake huonekana kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo: kurudi kukikazwa mno, shokapu haiwahi kunyooka kabla ya mkunjo unaofuata, nayo huzidi kuzama. Mwaka 2004 BMW ikahamishia kazi hiyo kwenye kitufe, katika K1200S. Na kitufe hicho kilianza kwa kutaka kujua nini? Uko peke yako, una mizigo, au mmepanda wawili. Hata umeme ulitanguliza mzigo, ndipo ukafuata uchaguzi wa ulaini au ugumu.

Dereva wa bodaboda atanijibu kwamba mzigo wake hubadilika kila baada ya dakika chache, na hawezi kushika spana kila anapopata abiria. Ni kweli, ila hahitaji. Aipange pete kwa mzigo anaobeba mara nyingi zaidi: mtu mmoja nyuma, au magunia ya sokoni ikiwa ndiyo riziki yake. Wengine husema barabara zetu zina mashimo, hivyo pete ikae chini kabisa. Hapo napinga, kwa sababu pikipiki iliyozama hugonga mwisho upesi, na kishindo huishia kwenye rimu na mgongo wa abiria. Hoja yenye uzito ni nyingine: mishikaki ya watu watatu haitibiwi na pete yoyote, na shokapu iliyovuja oili vilevile. Kuikaza hiyo humrusha abiria zaidi, kwa kuwa springi inarudi kwa nguvu bila cha kuizuia. Inataka kubadilishwa, tena zote mbili kwa pamoja, maana moja ikiwa imara na nyingine imechoka, mkono wa nyuma hupinda.