Sa Kabla ya Wimbo

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Mwanagenzi wa uimbaji wa kale wa India Kaskazini humwendea mwalimu wake, guru, akitamani nyimbo. Hupewa sauti moja tu, Sa. Huketi chini, nyuzi nne za tanpura zikivuma, akaishikilia Sa kwa pumzi ndefu hadi isiyumbe. Ndipo zifuatapo Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni. Sa na Pa hazibadiliki. Re, Ga, Dha na Ni huweza kushushwa, na Ma kupandishwa, jumla zikawa sauti 12. Kutokana na hizo hufumwa raga, mikondo ya sauti ambayo Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936) aliipanga katika makundi 10 vitabuni.

Hata hivyo, kitabu hakina sikio. Guru ndiye ang'amuaye Sa iliyoteleza. Tena Sa haina kimo kimoja kwa wote: kila mwimbaji huichagua kulingana na koo lake. Katika miezi ile idhaniwayo kupotea bure, mwanafunzi hutafuta mahali sauti yake inaposimama. Asiyepajua, raga zote zitamponyoka.