Kochi: kuna babu yetu kule

Bongo ukimwambia mtu unakwenda India, swali la kwanza ni moja tu: "Pole, unaumwa nini?" Ndivyo tulivyoizoea India, nchi ya rufaa na vipimo. Mimi sikuwa naumwa. Nilikwenda Kochi, mji wa bandari kusini-magharibi mwa India, jimbo la Kerala, na nimerudi na jambo ambalo halinitoki kichwani. Nitalifikia. Kwanza nikuzungushe mjini kidogo.

Sahau Kihindi cha kwenye filamu. Huku wanaongea Kimalayalam, na kwa kasi ambayo mgeni huwezi hata kujua sentensi imeishia wapi. Neno moja lilinitosha kwa siku zote sita: "chetta", yaani kaka. Mwenye duka ni chetta, konda ni chetta, na wewe pia wanakuita hivyo hivyo.

Kochi ni kama miji miwili. Upande wa bara kuna Ernakulam: maghorofa, maduka, foleni, na treni ya mjini iliyoanza mwaka 2017. Ng'ambo ya maji kuna Fort Kochi na Mattancherry, ambako ndiko historia iliko. Katikati kuna visiwa na vivuko. Tangu Aprili 2023 zipo pia boti zinazotumia umeme wa betri, zina viyoyozi, zinateleza kimya kimya. Mtu uliyezoea kuvuka kwenda Kigamboni unakaa mle ndani unatamani kulia.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi nilivyojiona niko Pwani. Minazi kila upande. Muhogo wa kuchemsha, wenyewe wanauita kappa, na mchuzi wa samaki mwekundu unaokutoa jasho. Appam ni binamu wa kitumbua: unga wa mchele na nazi uliochachuka, ila wao wanaipika upande mmoja tu, pembeni inakuwa nyembamba kama karatasi. Puttu ni unga wa mchele na nazi iliyokunwa, vinapikwa kwa mvuke ndani ya bomba. Na tembo la mnazi lipo, lina vilabu vyake kabisa. Hata upepo ni uleule. Hii kusi yetu ndiyo inayovuka ikweta, ikapinda, ikaenda kuwanyeshea wao mvua kuanzia mwezi Juni.

Nyavu za Kichina pale Fort Kochi utakuwa umeziona kwenye picha: miti mirefu, wavu mkubwa unaning'inia, na mawe yaliyofungwa kwa kamba yanayosaidia kuunyanyua. Wanaume wanne hadi sita wanavuta kwa pamoja. Nilisimama pale karibu saa nzima, na nadhani kamera zilikuwa nyingi kuliko samaki.

Mattancherry kuna sinagogi la mwaka 1568 lenye vigae vya buluu na vyeupe kutoka China, kila kimoja kimechorwa kwa mkono. Wayahudi wenyewe karibu wote walihamia Israel. Jirani kuna kasri ambalo Wareno walijenga wakampa mfalme wa Kochi, Waholanzi wakaja kulikarabati, na leo watu wanaliita Kasri la Waholanzi. Ukitaka sifa, paka rangi tu.

Ukiwa na siku za ziada, toka nje ya mji. Munnar ni kama kilomita 130, milima ya chai na baridi inayokukumbusha Mufindi. Mimi nilipapenda zaidi Alappuzha, kilomita 50 na ushee kwenda kusini, kwenye mifereji na maziwa. Zile boti za kulala wageni zimetokana na mashua zilizokuwa zikibeba mpunga, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Waliosoma habari za mitepe ya Lamu watanielewa.

Sasa lile jambo.

Fort Kochi kuna Kanisa la Mtakatifu Francis, na ndani yake kuna kaburi la Vasco da Gama. Yule yule wa darasani, "aliyegundua" njia ya India. Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha, na baada ya wiki tatu na siku kadhaa akawa Kerala. Sasa njia yenye marubani wake tayari unaigunduaje? Mwaka 1502 alirudi akamlazimisha sultani wa Kilwa alipe kodi. Mwaka 1505 mwenzake Almeida aliiteka Kilwa, akaichoma Mombasa, kisha akaja kukaa hapa hapa Kochi kama mtawala. Da Gama alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524. Mabaki yake yalipelekwa Ureno miaka kama 14 baadaye, kwa hiyo pale hayupo. Lakini jiwe lipo, uzio upo, na watalii wanapanga foleni kupiga picha kaburi tupu.

Nilipotoka nikachukua bajaji. Dereva akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, Afrika. Akageuka mzima mzima, barabara kaiacha ijiendeshe.

"Basi chetta, twende kwanza ukamsalimie babu yako."

Alinipeleka Mattancherry, kwenye kijukwaa kidogo kando ya ukuta, kina masizi ya mishumaa. Hapo ni kwa Kappiri Muthappan. Muthappan ni neno la heshima kwa babu. Kappiri sina haja ya kukutafsiria, ni kafiri lile lile, Wareno walilichukua kwa Waarabu wakawaita Waafrika. Wenyeji wanasimulia kwamba Waholanzi walipowafukuza Wareno mwaka 1663, Wareno waliwaua watumwa wao wa Kiafrika na kuwazika pamoja na mali, roho zao zilinde hazina mpaka wenyewe watakaporudi. Hawakurudi. Roho zikabaki, na watu wa mtaa wakazipenda. Wanasema babu huyu hana ubaya, usiku anakaa ukutani anavuta sigara. Watu wa dini mbalimbali wanamwomba wanapokwama, wanamletea puttu, mayai ya kuchemsha, samaki, tembo.

Nimesoma historia mpaka chuo kikuu na sikuwahi kusikia habari hizi. Tarehe za da Gama nilizikariri tangu shule ya msingi. Hawa walivushwa bahari ile ile, na hakuna aliyeandika hata jina la mmoja wao.

Kulikuwa na mama mmoja anawasha mshumaa. Aliniangalia mimi, akaangalia ukuta, akaniangalia tena, kisha akasogea kidogo kunipisha, kama mtu anavyompisha mfiwa. Mimi sivuti, lakini nilivuka barabara nikanunua sigara moja, dereva akaniwashia, nikaiweka pale. Nikasema shikamoo.