Utumbo Mwembamba na Kazi Yake

Watu husema, "Fulani ameshiba," wakidhani kwamba chakula kikiisha kushuka kooni kimekwisha kuingia mwilini. Sivyo. Tonge la ugali lililo tumboni ni kama mgeni aliyeketi barazani: amefika, lakini mlango hajaupita. Mlango wenyewe ni utumbo mwembamba.

Tonge hilo hukaa katika mfuko wa tumbo saa mbili, au tatu, au nne, likivurugwa pamoja na maji makali hata liwe kama uji. Kisha uji huo huachiliwa kidogo kidogo, ukapenya katika utumbo mwembamba. Neno "mwembamba" lisimdanganye mtu. Kwa mtu mzima urefu wake ni mita 6 hivi, nao umekunjwa-kunjwa na kushikwa na utando uliofungwa upande wa mgongo, usije ukajisokota.

Sehemu ya kwanza ni fupi, sentimita 25 tu. Waganga wa Kiyunani wa zamani waliipima, wakaona ni upana wa vidole 12, na jina lake la kitaalamu, duodeni, latokana na hesabu hiyo. Lakini hapo ndipo penye shughuli kubwa. Kongosho humimina maji yake, ambayo huupunguza ukali wa ule uji na kukikatakata chakula hata kisionekane kwa macho. Hapo pia hushuka nyongo itokayo katika ini. Mpishi achinjaye kuku hujihadhari sana asiipasue nyongo, maana hutia uchungu nyama yote. Walakini maji hayo machungu ndiyo yayavunjayo mafuta ndani ya mtu, kama sabuni iyavunjavyo mafuta ya sufuria.

Sehemu mbili zinazofuata ni ndefu, nazo hasa ndizo zikipokeacho chakula. Ukuta wake wa ndani una mikunjo mingi, na juu ya mikunjo hiyo vimeota vidole vidogo, kila kimoja hakizidi milimita 1, vimesongamana kama manyoya ya mahameli. Ndani ya kila kidole mna mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari iliyotoka katika ugali huingia humo, hali kadhalika nguvu ya maharagwe na samaki, na damu hiyo hupita kwanza katika ini kabla ya kuenea mwilini. Mafuta yana njia yake mbali. Vitabu vingi vilisema kwamba ukuta huo ukitandazwa wote ungeenea uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 wachunguzi wawili wa Sweden waliupima upya, wakaona ni mita za mraba 30 hivi, yaani sakafu ya chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Hata hivyo, chumba kizima ndani ya tumbo la mtu si jambo dogo! Tena ngozi ya vidole hivyo huchakaa na kubanduka, na mpya huota kila baada ya siku chache.

Kazi nyingine ya utumbo huu ni kurudisha maji. Kila siku lita 8 au 9 huingia ndani yake. Zinywewazo ni kama 2 tu. Nyingine humwagwa na mwili wenyewe, kama mate na nyongo. Sehemu kubwa hurudishwa katika damu. Bali kipindupindu kikiingia, sumu ya vijidudu vyake huufanya ukuta umwage maji bila kiasi, na mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita 1 kwa saa. Akinyweshwa maji matupu, hupita tu.

Kumbe upo mlango mmoja usioharibiwa na sumu hiyo. Mwaka 1960, katika mkutano wa mji wa Prague, Robert Crane, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba sukari huingia katika ukuta wa utumbo ikiwa imeshikana na chumvi. Ziingiapo mbili hizo pamoja, maji huzifuata.

Mwaka 1971 vita viliwakimbiza watu wengi kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh, wakaingia India, na kipindupindu kikawashika kambini. Huko Bongaon dawa ya maji ya kutiwa mishipani ilikuwa inakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari, akawaagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikufa kama 30 katika kila wagonjwa 100. Baadaye hawakufika 4.

Dawa hiyo sasa hupatikana katika vipakiti. Isipokuwapo, huchukuliwa lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, navyo visawazishwe kwa kijiko, visijazwe kichuguu. Mtoto anayeharisha hunyweshwa kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Akitapika, hungojewa dakika 10, kisha huanzwa tena polepole.