Kina cha Suluhu

Jua la Oktoba hapa Dodoma hulaumiwa na kila mwenye bustani. Linababua mchicha na kukausha mifereji kabla maji hayajafika mwisho wa tuta. Mimi siku hizi nalitumikisha.

Tuta lililougua mnyauko wa fuzari au minyoo fundo nalilainisha, navunja mabonge, kisha nalimwagilia hadi maji yashuke. Nalifunika kwa nailoni angavu iliyolala juu ya udongo, na kingo nazifukia. Nailoni nyeusi hujipasha yenyewe, udongo ukapata joto kidogo. Maji nayo yana kazi: hushusha joto chini, na vimelea vilivyolowa hufa upesi kuliko vilivyokauka. Likifunikwa kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali, tabaka la juu huweza kupita nyuzi joto 45.

Jaakov Katan na wenzake wa Israeli walichapisha utafiti wa njia hii mwaka 1976, baada ya wakulima na maofisa ugani wa bonde lenye joto kali kuona jinsi udongo ulio chini ya nailoni unavyochemka.

Kazi ya jembe hainisumbui. Kinachotaka moyo ni kulitazama tuta limelala huku jirani anapeleka mboga sokoni, tena wakati bei ni nzuri. Lakini anayetoa wiki chache kwa hiari huenda akaepuka kutoa msimu mzima kwa lazima.

Mtihani mwingine huja baada ya kufunua. Joto halifiki mbali. Chini zaidi wapo minyoo na kuvu walionusurika. Ukilima kwa kina, unawapandisha wewe mwenyewe hadi kwenye mizizi ya miche mipya. Kwa hiyo nakwangua juu juu, nasafisha jembe, napanda miche ya kitalu kisicho na ugonjwa.

Nimeona ndugu wakipatanishwa, wakala sahani moja, kisha mmoja wao akafukua maneno ya miaka iliyopita ati yaishe kabisa. Ugomvi ukaanza upya, mkali kuliko wa kwanza. Suluhu nyingi za wanadamu nazo zina kina chake. Wanaodumu nazo ni wale wanaokubali kupanda humo humo, bila kuulazimisha moyo wa mwenzao utoe kila kilichobaki chini.