Picha katika jangwa la Nazca

Mtoto mmoja wa miaka 12 alitoka Lima, mji mkuu wa Peru, pamoja na babaye. Walipanda basi, wakasafiri kilometri zaidi ya 400 kwenda kusini, mpaka mji mdogo wa Nazca. Walitaka kupanda ndege na kuona picha za watu wa kale.

Katika jangwa lile mvua hainyeshi, ila manyunyu machache kwa mwaka. Juu ya nchi yote kuna mawe madogo yenye rangi ya kutu. Chini yake udongo ni mweupe-mweupe. Watu wa Nazca, waliokaa pale yapata miaka 2000 iliyopita, waliondoa mawe yale, wakayapanga kando. Basi, mstari mweupe ukaonekana. Ni kazi ya mikono tu, na vigingi, na kamba. Hawakuchimba sana, kiasi cha sentimetri 10 au 15. Lakini mahali pasipo mvua, mstari haufutiki. Fikirini sisi tukichora vile katika kiwanja chetu cha shule: mvua moja ya Novemba ingemaliza yote!

Asubuhi, kabla ya kupanda, mwenye kuongoza aliwaambia wasafiri wasile sana. Watu wote walipimwa uzito, ili ndege isilemee upande mmoja. Ilikuwa ndogo, haichukui hata watu kumi. Yule mtoto alikwisha kula mkate na mayai matatu. Akanyamaza, hakumwambia mtu.

Ndege ikaruka. Mwendeshaji akapaza sauti: « Upande wa kuume, chini ya bawa: nyangumi! » Akailaza ndege kwa ubavu, ili watu wa kuume waone, halafu akageuka, akailaza kwa kushoto, ili wengine nao waone. Akafanya hivyo kwa kila picha. Baba alifurahi mno.

« Tazama, mwanangu! Nyani, na mkia wake umezungushwa kama konokono! »

Lakini mwana hakutazama. Roho ilimchafuka. Alikuwa ameinama juu ya mfuko wa karatasi, jasho likimtoka. Nyani yule ana vidole tisa, vinne mkono mmoja na vitano mkono wa pili, na hakuna ajuaye sababu. Mtoto alikuwa amesoma habari zake, akatamani kuvihesabu mwenyewe. Hakuhesabu hata kimoja. Buibui wa metri 46 akapita. Akapita na yule ndege wa Amerika mwenye mdomo kama sindano, anayefyonza maua mfano wa chozi wetu; hapa urefu wake ni metri 93. Ndege ya chuma ikamzunguka ndege wa mawe, na mtoto amefumba macho.

« Baba, nilikula mayai, » akasema.

Baba hakumkaripia. Akamshika bega, akasema: « Inua kichwa kidogo tu. Tazama mbali, si chini. »

Akainua kichwa. Akaona barabara kuu, nyeusi, imenyoka, na magari juu yake. Barabara ile inapita katikati ya mjusi mkubwa! Miaka ya 1930 wenye kuitengeneza walimkata mjusi vipande viwili bila kujua. Huku mkia, huku kichwa.

Aliyetunza picha hizi kuliko wote ni Maria Reiche, mwanamke wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1903 katika Dresden. Aliishi kando ya jangwa miaka mingi, akipima mistari na kuifagia kwa ufagio. Watu wengine walimwona kama mwenye wazimu. Alijenga mnara wa chuma karibu na barabara, ili watu waone bila kukanyaga. Alikufa mwaka 1998.

Mchana, yule mtoto alipokwisha pona, baba alimpeleka kwenye mnara. Watu husema kwamba picha zile hazionekani ila kwa ndege tu, si kweli. Toka juu ya mnara mtoto aliona mti na mikono miwili, na mkono mmoja una vidole vinne. Hivi alivihesabu mara mbili. Aliposhuka alitaka kwenda karibu, agusa jiwe moja. Baba akamzuia, akamwonyesha mchanga: hapo nyayo za mtu hukaa miaka na miaka. Mwaka 2014 watu waliingia kwa miguu karibu na yule ndege wa maua, wakaacha alama. Na mwaka 2018 mwenye kamyo aliiacha barabara, akapita juu ya mistari kwa magurudumu.

Mtoto akarudisha mguu. Wakakaa kando ya barabara kungoja basi. Kamyo zilipita moja moja, na kila ilipopita moja, mtoto aligeuka kumtazama mjusi.